Kukaa Benchi Bila Kumwombea Mwenzako Mabaya

Karibu kila mmoja wetu amewahi kuwa namba mbili mahali fulani. Kuna naibu wa mwalimu mkuu ambaye ndiye hasa anayeijua shule, lakini barua zote zinakuja kwa jina la mkubwa wake. Kuna fundi msaidizi wa jua kali, anashika spana na kutafuta nati zilizoanguka, na huu ni mwaka wa sita. Kuna dereva wa skwadi kwenye matatu, anayepata gari siku ile tu dereva mwenyewe ameugua. Na kuna yule dada kwenye kikundi cha sifa anayejua kila wimbo, lakini maiki ya mbele si yake.

Mtu kama huyu aufanyie nini moyo wake? Asubiri au ahame? Na anaposubiri, hasa anasubiri kitu gani? Tusidanganyane. Mara nyingi nafasi ya namba mbili haifunguki mpaka namba moja apatwe na jambo. Basi swali letu juma hili ni hili: je, mtu anaweza kujiandaa kwa nafasi yake bila kutamani mwenzake aanguke?

Tutaliangalia swali hili kupitia mchezo ambao wengi wetu hatuufuatilii, ule mpira wa Marekani wa kofia ngumu. Si kwamba ni mtamu kuliko soka yetu. Ni kwa sababu huko hali ya namba mbili iko wazi, haina pa kujificha.

Mchezo wenye kiti kimoja

Kwa asiyeujua: mpira wenyewe unafanana na wa raga, na unabebwa na kurushwa kwa mikono. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani, na mmoja wao anaitwa kwotabeki. Karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwake. Anapokea mpira, anasoma jinsi wapinzani walivyojipanga, halafu kwa sekunde mbili tatu anaamua amrushie nani, au ampe nani akimbie nao. Mwenzake akiingia nao eneo la mwisho la wapinzani, hiyo ni tachidauni, kama vile trai katika raga.

Sasa sikiliza. Kwa soka yetu, mchezaji wa akiba anaweza kuingia dakika ya 70 akaokoa mechi. Kwotabeki wa akiba hana bahati hiyo. Kiti ni kimoja. Kama namba moja ni mzima na anacheza vizuri, namba mbili anaweza kumaliza msimu mzima bila kurusha pasi ya maana. Anafanya mazoezi na wenzake, anasoma mpango wa mechi kama mwanafunzi wa mtihani, siku ya mechi anavaa jezi safi, na jioni anaivua ikiwa safi vile vile.

Tena ana kazi moja ngumu kuliko zote. Akiwa kando ya uwanja anatakiwa kuwachunguza wapinzani na kumwambia namba moja alichokiona. Yaani analipwa ili yule aliyekaa kwenye kiti anachokitamani azidi kufanikiwa. Hapo ndipo moyo unapopimwa. Umeona kitu kinachoweza kumsaidia mwenzako. Unajua pia kwamba akikosea leo, huenda kesho ukaitwa wewe. Utasema, au utanyamaza?

Benchi la Green Bay

Mwaka 1991 timu ya Atlanta Falcons ilimchukua kijana anayeitwa Brett Favre. Msimu wote alirusha pasi 4. Hakuna hata moja iliyomfikia mwenzake, na 2 kati yake zilidakwa na wapinzani. Februari 1992 Atlanta wakamwachilia aende Green Bay Packers, ambako meneja Ron Wolf alikuwa amemwona na kumwamini. Septemba mwaka huo namba moja wa Green Bay, Don Majkowski, akaumia, Favre akaingia. Tangu hapo alianza mechi 297 za ligi mfululizo, mpaka mwaka 2010, na kwa miaka 3, 1995 hadi 1997, alikuwa akitajwa mchezaji bora wa ligi.

Je, yule wa pasi 4 na huyu wa mechi 297 ni watu wawili? La. Ni mkono ule ule. Kilichobadilika ni mahali, na macho yaliyomtazama.

Lakini tusiishie kwa Favre kama wengi wanavyofanya. Hebu tuwafikirie waliokaa nyuma yake. Kama mtu haumwi, haondoki, na anacheza vizuri kila juma, wewe uliye nyuma yake utafanya nini?

Mark Brunell alikaa hapo. Mwaka 1995 akapelekwa Jacksonville, timu iliyokuwa ndiyo kwanza inaanzishwa, na katika msimu wake wa pili tu akaifikisha hatua moja kabla ya fainali kuu, ile wanayoiita Super Bowl. Aaron Brooks alikaa hapo pia. Mwaka 2000 akapelekwa New Orleans, timu iliyokuwa ikicheza tangu 1967 bila kushinda hata mechi moja ya mtoano. Desemba 30 mwaka huo huo Brooks akawapa ushindi wao wa kwanza, 31 kwa 28. Matt Hasselbeck naye alikaa hapo. Mwaka 2001 akaenda Seattle, na Februari 2006 akaiongoza Seattle kwenye Super Bowl yake ya kwanza. Walishindwa, lakini walifika.

Benchi moja, watu watatu, na wote watatu wakawa namba moja kwingine. Hakuna aliyesubiri Favre avunjike mguu. Ni kweli hawakujichagulia wenyewe kila kitu, maana huko timu hubadilishana wachezaji. Lakini tazama jambo hili: Green Bay walikubali kuwaachilia. Kuna viongozi wanaoweka watu benchi miaka kumi, hawawatumii na hawawaachilii. Kama una mtu wa namna hiyo chini yako, kumfungulia mlango ni haki yake, si hisani yako.

Na mwenye kukaa benchi ajue hivi: kuwa namba mbili hakumaanishi hufai. Wakati mwingine kunamaanisha tu kwamba kiti ni kimoja na kina mwenyewe.

Kuhama si dawa ya kila kitu

Hapa tusikimbie kushangilia. Kuna wanaosikia habari kama hizi na Jumatatu wanaandika barua ya kuacha kazi. Pole pole, ndugu yangu.

Matt Flynn alikuwa namba mbili Green Bay baada ya enzi ya Favre. Januari 1, 2012 alipewa mechi moja, akarusha pasi 6 za tachidauni na yadi 480. Watu wakasimama. Miezi michache baadaye Seattle wakamsajili kwa mkataba wa mamilioni ya dola ili awe namba moja wao. Lakini mwaka huo huo Seattle walimchukua pia kijana mgeni kabisa, Russell Wilson, aliyechaguliwa raundi ya tatu. Kabla msimu haujaanza, kijana akawa amechukua kiti. Flynn alihama kutoka benchi akaenda kukaa benchi jingine.

Mwangalie pia Nick Foles. Mwaka 2016 alikaribia kuacha mchezo kabisa. Akarudi, na Desemba 2017 akiwa namba mbili wa Philadelphia, namba moja wao Carson Wentz akaumia goti. Foles akaingia na kuipeleka timu mpaka Super Bowl ya Februari 4, 2018, wakawashinda New England 41 kwa 33, na yeye akawa mchezaji bora wa siku hiyo. Mwaka 2019 Jacksonville wakampa mkataba wa dola milioni 88. Mechi ya kwanza kabisa akavunjika mfupa wa bega. Alipopona, kiti kilikuwa kimeshapata mpenzi mwingine, na mwaka uliofuata akapelekwa Chicago.

Kwa hivyo mtu asikwambie kwamba ukihama tu, mambo yatanyooka. Foles na Flynn hawakuwa wavivu. Mahali papya panaweza kukuinua, panaweza pia kukuvunja, na hujui mpaka umefika. Atakayehama ahame kwa sababu ana kazi ya kwenda kufanya huko. Akihama kwa sababu tu hawezi kumwangalia mwenzake aking'aa, uchungu huo utapanda naye gari, na utashuka naye kituo kile kile.

Goti la Trent Green

Sasa tumefika kwenye kiini. Kati ya hadithi hizi zote, inayopendwa sana na watu wa makanisa, hasa Marekani, ni ya Kurt Warner. Na kweli ni hadithi tamu. Mwaka 1994 hakuna timu iliyomchagua. Green Bay, ile ile ya Favre, walimwita mazoezini kisha wakamtoa. Akaenda kufanya kazi usiku katika duka la vyakula huko Iowa, akipanga bidhaa kwenye rafu kwa dola 5.50 kwa saa. Akacheza ligi ndogo ya ndani ya ukumbi, akaenda hadi Amsterdam kucheza, na mwaka 1998 akapata nafasi ya chini kabisa katika timu ya St. Louis Rams. Mwaka 1999 akawa namba moja. Rams, waliokuwa wameshinda mechi 4 tu msimu uliotangulia, wakashinda 13. Warner akarusha pasi 41 za tachidauni, akawa mchezaji bora wa ligi, na Januari 30, 2000 akashinda Super Bowl, 23 kwa 16. Aliposhika maiki alimshukuru Yesu mbele ya ulimwengu.

Tukifika hapo tunapiga makofi. Ushuhuda umekamilika, msimu wake umefika. Lakini kuna mtu tumemruka.

Warner alipataje kiti? Mwaka ule 1999 Rams walikuwa wamemsajili Trent Green kuwa namba moja wao. Green naye hakuwa mtoto wa bahati. Alichaguliwa 1993 katika raundi ya nane, akaachwa na timu yake ya kwanza, akakaa benchi Washington kwa miaka, mpaka 1998 ndipo akapewa nafasi. Rams ilikuwa ndiyo timu yake mpya, na hiyo ndiyo ilikuwa zamu yake. Halafu, mwezi wa Agosti, kwenye mechi ya matayarisho kabla ligi haijaanza, akagongwa mguuni na kano za goti zikakatika. Msimu ukaishia pale. Kocha Dick Vermeil alilia mbele ya waandishi wa habari.

Basi tujiulize swali ambalo ushuhuda wetu haulipendi. Je, Mungu alilivunja goti la Green ili amwinue Warner? Mwenye kujibu ndiyo upesi upesi, namwomba aende akaijibu nyumbani kwa Green. Kama ni hivyo, Green alikosa nini? Hakuwa amengoja vya kutosha? Mimi naona ni salama zaidi kusema hivi: mtu mmoja aliumia, na hilo lilikuwa baya. Mtu mwingine alikuwa tayari, na hilo lilikuwa jema. Mambo hayo mawili yalitokea siku moja. Baya halikugeuka kuwa jema kwa sababu limetufaa sisi.

Ndiyo maana kujiandaa na kutamani ni vitu viwili, hata kama kwa nje vinafanana. Wote wawili wanaamka alfajiri, wote wawili wanasoma mpango wa mechi. Lakini mmoja anajiandaa ili namba moja akianguka, nyumba isianguke pamoja naye. Mwingine anahesabu makosa ya namba moja na kuyaweka akiba. Utajijuaje wewe ni yupi? Rudi pale kando ya uwanja. Ukiona cha kumsaidia mwenzako, unasema au unanyamaza? Na mwenzako akiumia, cha kwanza kinachopita moyoni ni nini? Kile cha kwanza kabisa, kabla hujakipamba kwa maneno ya pole.

Kutaka kucheza si dhambi. Steve Young alikaa miaka 4 San Francisco nyuma ya Joe Montana, gwiji kabisa, na hakuwahi kujifanya kwamba anaridhika na benchi. Zamu yake ilipofika, ilifika kwa Montana kuumia mkono, na Januari 1995 akarusha pasi 6 za tachidauni katika Super Bowl moja. Kuona njaa ni kawaida. Kuomba sahani ya mwenzako idondoke ndiyo shida.

Na Green je? Mwaka 2001 alipelekwa Kansas City, kwa kocha yule yule aliyemlilia. Huko hakukosa kuanza mechi ya ligi kwa misimu 5, na kuanzia 2003 hadi 2005 alipita yadi 4,000 kila mwaka. Aliyepoteza kiti alipata kiti kwingine. Na aliyekipata kiti? Warner aliumia naye, akapoteza nafasi St. Louis. Mwaka 2004 akaenda New York Giants, na katikati ya msimu akawekwa kando ili kijana Eli Manning aingie. Akaenda Arizona, huko nako akawekwa nyuma ya kijana mwingine, akainuka tena, akaifikisha Arizona kwenye Super Bowl ya Februari 2009, ingawa walishindwa. Mtu mmoja amekuwa wa mwisho, wa kwanza, wa pili, na wa kwanza tena. Usimtendee vibaya aliye mbele yako wala aliye nyuma yako. Viti hivi tunapokezana.

Benchi jingine ni la dhuluma

Kuna jambo la mwisho, na hili ni la viongozi. Si kila benchi ni shule. Mengine ni uonevu, na si haki kumwambia mtu avumilie kitu ambacho wewe unaweza kukiondoa.

Doug Williams alichukuliwa na Tampa Bay mwaka 1978. Timu hiyo ilianza maisha yake kwa kupoteza mechi 26 mfululizo. Williams akaifikisha mtoano mara 3 katika miaka 5. Lakini alikuwa mtu mweusi, wakati ambapo wengi Marekani waliamini mweusi hana akili ya kuwa kwotabeki, na mshahara wake ulikuwa chini ya wote waliokuwa namba moja katika ligi. Alipotaka alipwe haki yake, wakakataa, akaondoka. Tampa Bay haikuona tena mtoano mpaka msimu wa 1997.

Williams alikuja kuishia benchi la Washington, ambako msimu mzima wa 1986 alirusha pasi moja tu. Msimu uliofuata akapewa nafasi, na Januari 31, 1988, katika robo moja tu ya Super Bowl, akarusha pasi 4 za tachidauni. Washington wakashinda 42 kwa 10. Alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kuanza fainali hiyo na kuishinda.

Uvumilivu wake tunausifu, sawa. Lakini tusiusifu sana hadi tusahau waliomdhulumu. Kama katika biashara yako au ofisi yako kuna mtu amewekwa nyuma kwa sababu ya kabila lake, kwa sababu ni mwanamke, au kwa sababu hana mjomba mkubwa, usimpe mahubiri ya subira. Mpe nafasi.

Basi tufanye nini?

Wewe uliye namba mbili, fanya kazi kana kwamba kesho ni zamu yako, na leo umsaidie namba moja kana kwamba haitafika kamwe. Ni vigumu, najua. Ukiona huwezi tena kumtakia mwenzako mema, hiyo ndiyo dalili ya kweli kwamba wakati wa kuhama umefika. Aga vizuri, nenda mchana, usiondoke ukivunja vyombo.

Wewe uliye namba moja, mfundishe aliye nyuma yako. Goti lako ni nyama na mfupa kama la Green.

Na sisi tunaoshangilia, siku Warner wetu anapotoa ushuhuda, tumtafute na Green wetu tumjulie hali. Huenda amekaa kiti cha nyuma, na juma hili hakuna aliyempigia simu.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani

1. Ni nani aliye mbele yako kazini au katika huduma? Mara ya mwisho ulimsaidia kwa jambo gani ambalo yeye mwenyewe hakujua kwamba analihitaji?

2. Unatofautishaje kati ya kuhama kwa sababu una kazi kwingine, na kuhama kwa sababu ya wivu?

3. Je, kuna mtu unayemweka benchi wewe mwenyewe, nyumbani au kazini? Sababu yako ukiisema kwa sauti mbele yake, itasimama?